Mtoto wa Tuta la Viazi

Mama Mpishi aligawa hadithi zake kwa vyakula. Kulikuwa na hadithi za chapati, fupi, kwa sababu chapati haikubali uigeuzie mgongo. Kulikuwa na hadithi za maharage, ambazo ziliweza kuanza asubuhi na kufika adhuhuri mfalme bado hajavuka mto. Ukimwomba hadithi hakukuuliza unataka ipi. Alifunua sufuria, akatazama, akasema, "Leo kuna nafasi ya mtu mmoja kufukuzwa na kurudi," au, "Leo hakuna kitu, leo tunakaanga ndagala," wale dagaa wa ziwani wanaoiva upesi.

Alipanga chumba uani kwetu, Nyamugari, mjini Gitega, kwa miaka mingi, na sikumbuki kumsikia mtu akimwita kwa jina. Alipika kwa kuagizwa: harusi, matanga, wageni waliokuja bila kusema. Mama yangu alishona nguo kwenye baraza ya mbele, yeye alipika nyuma, na mimi nilikulia katikati ya cherehani na mbabura, lile jiko la makaa ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulichochea isipokuwa yeye. Huko katikati ndiko nilikookota kazi ninayoifanya sasa, ya kuandika hadithi za watoto, ambazo nyingine husomwa redioni. Watu wakiniuliza ninazitoa wapi huwajibu kwamba nazitoa jikoni, nao hudhani ninajishusha.

Yeye mwenyewe alizitoa kwenye jiko la watu wengine. Kabla ya kurudi Burundi alikuwa amepika kwa familia ya Wahindi wenye duka, katika mji mmoja wa Tanzania kando ya ziwa. Nyumba ile haikuingiza nyama wala yai. Kulikuwa na bibi, mama wa mwenye duka, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alikaa kwenye kigoda akichagua dengu kwa vidole na kusimulia mambo ya miungu na wafalme wa kwao. Kiswahili cha bibi huyo kilikuwa cha dukani tu, kwa hiyo miungu yake ilizungumza kama wateja: lete, ondoa, ghali, basi. Mama Mpishi aliihesabu hiyo kuwa bahati yake.

"Angekuwa na Kiswahili kizuri, mwanangu, angenipa hadithi nzima, nami ningebaki nayo vilevile," alisema. "Alinipa mifupa. Nyama nimeweka mwenyewe."

Na aliiweka bila woga. Katika hadithi mojawapo kulikuwa na mfalme mwenye vichwa kumi, ambaye bibi alimtaja ili kutisha. Mama Mpishi hakutishika, alihangaika. Vichwa kumi, tumbo moja? Kila kinywa kinataka chake, au wanapikiwa chungu kimoja? Akilala ubavu, vile vichwa vya chini vinapumuaje? Mwishowe hadithi ikahama kwa mfalme ikaenda kwa mpishi wake, mwanamke asiye na jina, anayepikia kichwa cha tatu kisichokula vitunguu na cha saba kinachodai kwamba cha sita kimepewa kipande kikubwa. Vita vilipigwa, kisiwa cha mfalme kikateketea, na sisi tulioketi uani tulikuwa tunamwonea huruma mwanamke wa sufuria.

Nyingine ilikuwa ya kijana aliyewekwa na mama yake kulinda mlango wakati yeye mama anaoga. Baba yake, aliyekuwa safarini tangu zamani, anarudi, anazuiwa mlangoni na kijana asiyemjua, wanagombana, na baba anamkata kichwa mwanawe bila kujua ni mwanawe. Baadaye kijana anawekewa kichwa cha tembo. Watoto walikipenda sana kile kichwa cha tembo. Lakini wapangaji waliokuwa wamelelewa Tanzania kama yeye, wakarudi nchini wakakuta watoto wa ndugu zao wamesimama mlangoni wakiuliza "Unamtaka nani?", hawakuwahi kufika kwenye tembo. Walibaki pale mlangoni. Mama Mpishi aliliona hilo, na wakiwapo wao alipunguza tembo na kurefusha mlango.

Alikuwa Mkristo wa kusali kila Jumapili na kitambaa cheupe kichwani. Mtaa wetu una Waislamu wengi, sisi tukiwamo. Kwa hiyo lawama ilikuja kutoka pande zote mbili. Mchungaji wake alimuuliza kama zile ni habari za masanamu, akamjibu kwamba ni habari za watu wenye shida. Upande wetu jirani mmoja alikuja kwa Mama na sura ya msiba.

"Dada, ile mama anafundisha watoto mambo ya sanamu, we unajua?"

"Anafundisha watoto kungoja chakula," Mama alijibu bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Na ile iko kazi ngumu, vraiment, kweli kabisa."

Mwezi wa Ramadhani hakusimulia kitu kabla ya futari. Kumnusisha mtu aliyefunga harufu ya sambusa ni dhuluma, alisema, na ukimwongezea mfalme anayekula karamu, zinakuwa dhuluma mbili. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo. Heshima nyingine hazikumkaa vizuri. Alisema hadithi haina mwenyewe, ni ya aliyenayo mdomoni. Ila nilipoweka simba katika moja ya zile zilizosomwa redioni, alinijia barazani na mwiko mkononi. "Huyu simba ameingiaje? Nani alikuwa anampikia?" Hakuzungumza nami mpaka nilipomtoa. Nilimpenda, ingawa hakuwa mtu rahisi wa kupendwa.

Kosa lake ninalolipenda kuliko hadithi zake nyingi lilitokana na neno moja. Mama alikuwa amepata wageni kutoka kilimani, wasiojua Kiswahili, akamwomba Mama Mpishi awachangamshe kwa Kirundi. Kirundi chake wakati ule kilikuwa cha kambi ya wakimbizi, cha kuombea maji na kuni. Akachagua ile ya mtoto mkubwa wa mfalme aliyefukuzwa kwenda kuishi msituni ili mdogo wake, wa mama mwingine, apewe ufalme. Mdogo mtu anaukataa. Anamfuata kaka yake msituni, anamsihi arudi, kaka anakataa kwa sababu neno la baba limeshatoka. Basi mdogo anaomba viatu vya kaka yake, anarudi navyo, anaviweka kwenye kiti cha enzi, na yeye anakaa chini kama mlinzi tu, mpaka mwenyewe arudi.

Alipofika hapo Kirundi kikamwishia. Akamgeukia Mama: "Ufalme kwa Kirundi?"

Mama, mdomo umejaa pini, akajibu: "Ingoma."

Na ni kweli. Kwa Kirundi ingoma ni ufalme, na ni ngoma vilevile, maana wafalme wa zamani walitawala kwa ngoma. Lakini kwa mtu aliyelelewa Tanzania, ngoma ni ngoma. Hivyo mdogo mtu akarudi kutoka msituni na kandambili za kaka yake, akaziweka juu ya ngoma.

Mzee mmoja kati ya wageni akaweka glasi chini. "Ibirato? Hejuru y'ingoma?" Viatu, juu ya ngoma? Akauliza huyo kijana ni wa ukoo gani, na kama wazazi wake, ikiwa wako hai, wanajua alichofanya. Mama akatema pini ili aeleze. Mama Mpishi akamzuia kwa kiganja. Akamwuliza yule mzee ubaya uko wapi, akamsikiliza mpaka mwisho jinsi ngoma ilivyoheshimiwa, kisha akaendelea kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo: kijana naye akashtushwa na alichokifanya, akaziondoa haraka, akazifunga kwa kamba, akazivaa shingoni. Akatawala hivyo, viatu vya kaka yake vikimgonga kifuani kila alipoinama, asisahau. Mzee akachukua glasi yake. Tangu siku hiyo hakuisimulia kwa namna nyingine.

Ndugu wa Mama Mpishi mwenyewe hakuvaa kitu shingoni. Huyo alikuwa mdogo wake wa kiume, aliyebaki Giteranyi, kule kaskazini ya Muyinga karibu na mpaka, juu ya itongo, yaani shamba la ukoo wao. Mama Mpishi alipotoka Tanzania aliteremkia kwake kwanza, akapokewa vizuri, akalala kwenye mkeka mpya. Alipotaja shamba, akaambiwa kwa upole kwamba itongo hurithiwa na wanaume. Ndivyo ilivyo vilimani kwetu tangu zamani: binti hupata shamba la mumewe, na mume wake yeye alikuwa amezikwa upande wa pili wa mpaka. Ndiyo maana alikuja Gitega kupika. Lakini kila kiangazi alifunga kitambaa, akapanda basi mpaka Muyinga, kisha baiskeli mpaka Giteranyi, kuuliza tena. Kila mara alirudi na mfuko wa maharage, zawadi ya mdogo wake. Alipika yale maharage na kusimulia yakichemka, na hizo ndizo zilikuwa hadithi zake ndefu kuliko zote.

Alitaka kipande kimoja tu, cha chini, kinachoelekea bondeni. Hakukitaka kwa ajili yake pekee. Alikuwa na binti, anayeuza mitumba Muyinga mjini, na alitaka binti huyo awe na mahali pa kusema "kwetu".

Mwishowe akaomba kusikilizwa na bashingantahe, wazee wanaokaa kuamua mambo ya kilima. Akaniomba nimsindikize. Wazee walikaa kwenye benchi mbele ya nyumba ya mmoja wao, mdogo wake amesimama pembeni na kofia mkononi, na wanawake kadhaa wamekaa nyasini wakijifanya wanamenya kitu. Nilitegemea Mama Mpishi ataeleza habari ya ukimbizi, ya mumewe, ya uzee. Alisimama akaanza hadithi. Kirundi chake kilikuwa kimenyooka wakati huo.

Alisema kulikuwa na mfalme asiye na mtoto. Msimu wa kulima ulipofika, mfalme akashika jembe.

"Mfalme analima?" akauliza mmoja.

"Kwao mfalme huanza yeye, ndipo watu wafuate."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hata hapa, zamani, mfalme ndiye aliyetangulia kutoa mbegu ya mtama. Basi jembe la mfalme likagusa kitu laini ndani ya tuta la viazi. Yule bibi wa dengu alikuwa amesema mfereji wa plau, lakini Mama Mpishi hakuwahi kuona plau Giteranyi, na huko watu hulima matuta. Mfalme akafukua kwa mikono, akakuta mtoto wa kike, mzima, udongo masikioni. Akamchukua, akamlea.

"Sasa naomba niwaulize wazee wangu," akasema. "Lile shamba ni la nani? Ni la mfalme aliyelilima, au la binti aliyetoka humo?"

Wanawake wa nyasini waliacha kumenya. Yule mdogo kuliko wote kwenye benchi akasema, kama mtu aliyeulizwa shuleni, "La binti." Mimi nikaamini ameshinda.

Mkubwa wao akakohoa. "Na huyo binti aliishia wapi?"

Mama Mpishi, aliyebadilisha vichwa vya mfalme, tembo, viatu na ngoma, angeweza kusema chochote. Akasema kama alivyosikia. Binti aliolewa, akaibwa, akarudishwa, watu wakasemasema juu yake, mumewe akamtaka athibitishe mbele ya watu kwamba ni msafi. Akathibitisha. Akatakiwa tena. Akachoka. Akaiambia ardhi, kama kweli mimi ni wako, nipokee. Ardhi ikafunguka.

"Ikammeza," akasema.

"Basi hata yeye hakurithi," akasema mzee. "Alimezwa."

Watu wakacheka. Mdogo wake alicheka pia, kofia ikiwa mdomoni, bila ubaya wowote. Nadhani alifurahi tu kwamba imekwisha.

Uamuzi ulitolewa kwa sauti ya kirafiki. Dada apewe kile kipande cha chini akilime maisha yake yote, na ndugu yake asimsumbue. Akifa, kirudi kwenye mikono ya wanaume. Binti wa mitumba hakutajwa. Pombe ya ndizi ikaletwa kushuhudia, na yeye, aliyeokoka, akaletewa soda.

Njiani alimkasirikia yule bibi wa Kihindi, ambaye bila shaka alikuwa amekwisha kufa. "Ameniuzia chungu chenye tundu," alisema. "Nimekibeba miaka yote hii nikidhani ni kizima." Nikamuuliza kwa nini hakubadilisha mwisho, yeye kati ya watu wote. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini haibi.

"Jikoni ni hadithi, mwanangu. Pale mbele ya wazee ulikuwa ushahidi."

Akahama Nyamugari, akaenda kuishi kwenye kipande chake. Mama alimshonea koti la baridi, kisha akakosa wa kugombana naye na akawa mpole kwa namna iliyonitia wasiwasi. Mimi nilibaki na deni la kazi. Hadithi ya mtoto wa tuta la viazi nilikuwa nimeahidi kuiandika kwa ajili ya redio, na sikuwa na mwisho wa kuwapa watoto. Nilimpigia simu. Kwa muda fulani kila mara alikuwa na mwisho mpya: ardhi inafunguka, binti anachungulia, anaona giza, anaghairi. Ardhi inafunguka, anaingia mume. Huu aliupenda sana, akacheka peke yake upande wa pili wa simu, kisha siku ya pili akaukataa. "Ukimtupa mume humo, shamba linabaki na mkosaji ndani," alisema. "Litatoa viazi vichungu."

Halafu akaacha kutoa miisho, akawa ananiuliza tu habari za Mama na bei ya mkaa.

Nilikwenda kumwona mwanzo wa mvua iliyopita. Alikuwa amekonda, na koti la Mama lilimkaa kama la mtu mwingine. Kipande chake kilikuwa kimelimwa chote, matuta yamepangwa vizuri, mbegu za viazi vitamu, bijumbu kama wasemavyo kwetu, zimefungwa mafungu chini ya mgomba zikingoja kupandwa. Tukakaa kwenye kizingiti. Hakukuwa na kitu jikoni, kwa hiyo sikutegemea hadithi.

"Nilikuwa naisimulia vibaya," alisema ghafla. "Wewe andika hivi. Usiandike ardhi ilimmeza."

"Niandike nini?"

"Alihamia."

Nikamngoja. Alieleza taratibu, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Alikuwa amerudi kwa yule mzee mkubwa, peke yake safari hii, bila hadithi. Akamwomba neno moja dogo: siku akifa, azikwe kwenye kipande hichohicho. Sheria inataka watu wazikwe makaburini, lakini juu ya kilima kile wengi bado huzikwa kwenye itongo lao. Mzee alimwonea huruma. Wenzake wakaitwa, wakakubali, na mdogo wake akakubali kabla yao, machozi yakimlengalenga, kwamba dada yake anapenda kurudi kulala nyumbani. Wakashuhudia kwa pombe na soda.

"Wamesema kipande kitarudi nikifa," alisema. "Sawa. Nani atakiuza nikiwa ndani? Nani atapitisha jembe juu ya dada yake? Na binti yangu akija kupalilia kaburi la mama yake, nani atamwambia aondoke?" Akajifuta mikono kwenye koti. "Yule mtoto aliomba kila mahali, akaona hapewi, akaingia mwenyewe akafunga mlango. Siku zote nilidhani amekufa. Kumbe amepata."

Nilijisikia baridi, halafu nikajisikia furaha, na nikaona haya kuionyesha. Nikamuuliza kama mdogo wake ameelewa.

"Amechelewa, lakini ameelewa. Tangu Jumapili haniamkii."

Tulikuwa bado tumekaa hapo mdogo wake alipotokea kwa juu, akishuka na jembe begani. Mtu mzima, mwembamba kama dada yake, amevua kofia kabla hajafika. Akanisalimia mimi kwanza. Kisha akasimama mbele ya dada yake, akitazama matuta.

"Dada, mi nimekuja kuuliza. Ile pahali iko wapi?"

"Pahali gani?"

"Pahali utalala."

Mama Mpishi akainuka kwa kushika mlango. Akateremka, akavuka tuta moja baada ya jingine, akifuata mistari yake mwenyewe, mpaka akawa ameacha shamba sawasawa kila upande. Akasimama.

"Hapa."

"Katikati?" Yule bwana akalitazama shamba kushoto na kulia, akapima kwa macho, na nikaona sura yake ikibadilika polepole. "Mais lakini, dada. Pembeni pale iko nafasi, karibu na mgomba. Iko na kivuli."

"Pembeni nimekaa vya kutosha."

Mdogo wake alivaa kofia, akaivua tena. Halafu akashusha jembe begani, akaenda kwenye mafungu ya mbegu, akachukua moja.

"Bon," akasema. "Donc basi, bijumbu tutapanda kuzunguka."